Bwawa dogo la trauti nyuma ya nyumba: mwongozo kwa mkulima wa nyanda za juu

Mkulima anayetaka kufuga trauti nyuma ya nyumba yake huanza mara nyingi kwa kuuliza bwawa lichimbwe kwa ukubwa gani. Kwa mfugaji wa tilapia au kambare, ambao huvumilia maji yaliyotulia, hilo ni swali la kwanza linalofaa. Trauti ni samaki wa mito ya baridi, na oksijeni anayoitumia huletwa na maji yanayoingia bwawani kila dakika, wala si maji yaliyokwisha kukaa humo. Idadi ya samaki utakaowaweza huamuliwa na kiasi cha maji kinachopita katika wiki kavu kuliko zote za mwaka, na kila kipimo kingine, kuanzia urefu wa bwawa hadi magunia ya chakula, hutokana na hicho.

Mwongozo huu umeandikwa kwa kufikiria shamba lililo kwenye miteremko ya Mlima Kenya upande wa Nyeri, katika kimo cha mita 2,000 hivi, penye kijito au mfereji unaotoka msituni. Trauti si mwenyeji wa mito hiyo. Aliletwa kutoka Uskoti mwaka 1905 na Ewart Grogan na kuwekwa katika Mto Gura, kwenye milima ya Aberdare, na baadaye serikali ikaanzisha kituo cha Kiganjo mwaka 1948 kwa ajili ya samaki wa maji baridi, pamoja na kile cha Sagana kwa samaki wa maji yenye joto. Anayefugwa zaidi siku hizi ni trauti wa upinde wa mvua, mwenye utepe wa waridi ubavuni, kwa kuwa hukua haraka na huzoea chakula cha vidonge kwa urahisi kuliko trauti wa kahawia.

Hatua ya kwanza: yapime maji kabla ya kushika jembe

Vipimo viwili vya kwanza vifanyike mwezi Februari, kiangazi kinapokuwa kimekomaa, kwa maana maji ya Mei humdanganya kila mtu.

Kipimo cha kwanza ni joto. Chukua kipimajoto cha maji, ukitumbukize mahali yatakapochotwa maji ya bwawa saa tisa alasiri, siku ya jua, na ufanye hivyo kwa siku saba mfululizo. Trauti hukua vizuri zaidi katika maji ya nyuzi 12 hadi 16 za Selsiasi. Akifika nyuzi 18 huanza kusumbuka, akifika 20 haifai hata kumlisha, na karibu na 25 hufa. Kama kijito chako hufika nyuzi 19 alasiri ya Februari, ushauri wangu ni kwamba ufuge samaki mwingine, kwa sababu hakuna kivuli wala wavu utakaoyapoza maji yaliyokwisha kupashwa joto kilomita nzima huko juu.

Kipimo cha pili ni mtiririko. Elekeza maji yote unayotarajia kuyatumia katika bomba au kipande cha bati lililokunjwa, yaangukie kwenye ndoo ya lita 20, na uhesabu sekunde hadi ijae. Ikijaa kwa sekunde 20, una lita 1 kwa sekunde. Rudia mara tano, kisha uchukue wastani. Kumbuka kupima sehemu utakayoruhusiwa kuichukua tu, kwa kuwa kijito kizima si chako, na walio chini yako wana mifugo na mashamba yanayoyategemea maji hayo hayo.

Hapa ndipo hesabu muhimu kuliko zote hufanyika. Watu wengi hudhani kwamba kadiri shamba lilivyo juu mlimani ndivyo trauti atakavyostawi, na kwa upande wa baridi ni kweli. Lakini hewa ya juu ni nyepesi. Usawa wa bahari, maji ya nyuzi 15 yaliyoshiba hewa hubeba miligramu 10 hivi za oksijeni katika kila lita, ilhali maji ya joto hilo hilo katika kimo cha mita 2,000 hubeba karibu miligramu 8 tu. Vitabu vingi vya ufugaji vilivyoandikwa Ulaya na Marekani hutaja idadi za samaki zinazofaa kwa mabonde ya huko, na mkulima wa huku akizifuata bila kuzipunguza huwanyima samaki wake sehemu ya tano ya pumzi.

Tuchukue kwamba maji yanaingia yakiwa na miligramu 7.5 kwa lita, na hatutaki yatoke yakiwa chini ya miligramu 5.5, kwa kuwa chini ya hapo trauti hula kwa shida. Kila lita basi inaacha miligramu 2 bwawani. Mtiririko wa lita 1 kwa sekunde huacha gramu 173 za oksijeni kwa siku. Trauti hutumia takriban gramu 220 za oksijeni kwa kila kilo ya chakula anayokula, hivyo mtiririko huo unamudu karibu gramu 780 za chakula kwa siku. Samaki wakubwa hula takriban asilimia 1.5 ya uzito wao, na gramu 780 zinawatosha samaki wenye jumla ya kilo 50 hivi, yaani samaki 200 wa gramu 250 kila mmoja. Kama una nusu lita kwa sekunde, fuga samaki 100. Kama una lita 2, fuga 400, lakini mwaka wa kwanza ningekusihi uanze na nusu ya hesabu hiyo hadi uyazoee maji yako.

Hatua ya pili: ruhusa

Kuchukua maji ya kijito nchini Kenya kunahitaji kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji, hata kama utayarudisha yote. Nenda pia kwa afisa wa uvuvi wa kaunti, ambaye pamoja na kukueleza masharti huwa anajua ni nani katika eneo lenu anayefuga na wapi pa kupata vifaranga. Bwawa lisichimbwe katika ukanda wa kingo za mto uliolindwa na sheria. Lichimbwe juu yake, na maji yaletwe kwa bomba.

Hatua ya tatu: njia ya maji

Jenga kwanza banio, yaani kizuizi cha kijitoni cha kuchukulia maji, na njia ya maji, kisha bwawa. Nimeona mabwawa mazuri ya saruji yaliyokaa makavu miaka mitatu kwa sababu mwenyewe aligundua baada ya kujenga kwamba mfereji uko chini ya ukingo wa bwawa kwa kiganja kimoja.

Maji yachukuliwe kutoka chini ya uso wa kijito, si juu, kwa kuwa majani huelea. Chujio la banio lilazwe kwa mwinamo ili takataka zipite juu yake badala ya kulibana. Baada ya banio, yapitishe maji katika shimo la kutulizia mashapo, lenye urefu wa mita 2 na upana wa mita 1 angalau, ili mchanga na tope la mvua vibaki humo. Matamvua ya trauti, anayopumulia majini, ni laini mno, na tope la mvua za masika likiingia siku tatu mfululizo hukwaruza matamvua hayo na kufungua njia kwa maradhi. Weka pia njia ya pembeni, yaani mfereji au bomba linaloweza kuyapitisha maji kando ya bwawa, ili siku ya mafuriko upunguze yanayoingia, na siku ya kusafisha uweze kuyageuza bila kwenda kuvunja banio.

Mahali maji yanapoingia bwawani, yaangukie kutoka kimo cha sentimita 30 au zaidi, juu ya ubao au bati la plastiki lililotobolewa matundu mengi. Matone yanapokatika hewani huchukua oksijeni, na ni kifaa rahisi kuliko vyote kwa shamba lisilo na umeme.

Jambo moja nalitilia mkazo kwa kuwa liliniumiza. Bwawa langu la kwanza lilipoteza zaidi ya nusu ya samaki usiku mmoja wa upepo, wakati majani ya mkaratusi yalipoziba chujio la banio na maji yakakoma kuingia. Nilikuwa na chujio moja tu, na sikulitazama jioni. Tangu hapo nina mabomba mawili yanayoingia, kila moja na banio lake, na hakuna jioni inayopita bila mtu wa nyumbani kwenda kuyaona yote mawili yakimwaga maji.

Hatua ya nne: bwawa lenyewe

Kwa mtiririko wa lita 1 kwa sekunde, chimba bwawa jembamba na refu, lenye urefu wa mita 8 na upana wa mita 2 kwa ndani. Kina cha maji kiwe sentimita 90 upande wa kuingilia na sentimita 110 upande wa kutokea, ili sakafu iteremke na uchafu usogee wenyewe kuelekea mwisho. Bwawa la namna hiyo lina lita 16,000, na maji yake hubadilika kwa muda wa saa nne na nusu hivi. Bwawa la pembe nne sawa hupendeza machoni, lakini maji huacha pembe zilizolala, na katika pembe hizo kinyesi na chakula kilichobaki huoza. Ukingo uwe juu ya maji kwa sentimita 30, kwa sababu trauti huruka, hasa siku ya kwanza anapoyasikia maji mapya yakianguka.

Kuta zaweza kuwa za mawe na saruji, au udongo uliotandikwa turubai nene la plastiki la mabwawa. Turubai ni nafuu na hukamilika kwa siku chache. Saruji hudumu na ni rahisi kupiga brashi. Ukichagua saruji, usiwe na haraka. Saruji mpya hutoa chokaa ndani ya maji, na maji ya mlimani, ambayo kwa kawaida yana madini machache, hayana nguvu ya kuizuia, hivyo uchachu wake hubadilika ghafla na kuunguza samaki. Lijaze bwawa, liache siku tatu, limwage, ulisugue, na urudie kwa wiki tatu. Baada ya hapo pima pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji; iwe kati ya 6.5 na 8.

Kwa sababu hiyo hiyo ya maji yenye madini machache, usitumie wavu wala bomba la chuma kilichopakwa zinki, na epuka shaba. Zinki kidogo inayoyeyuka katika maji ya namna hiyo huua vifaranga wa trauti bila kuacha alama inayoonekana. Mabomba ya plastiki na wavu wa plastiki ndiyo yanayofaa.

Njia ya kutokea ijengwe kwa bomba la kusimama. Zika bomba la inchi 4 chini ya ukuta wa mwisho, liishie ndani ya bwawa kwa kiwiko kinachotazama juu, kisha chomeka kipande cha bomba kinachosimama hadi kimo unachotaka maji yafike. Juu ya kipande hicho vika bomba pana zaidi, la inchi 6, lililo refu kupita uso wa maji na lenye mikato chini. Maji yatalazimika kuingia kupitia mikato ya chini, yapande katikati ya mabomba mawili, na kutoka, yakibeba uchafu wa sakafuni badala ya maji safi ya juu. Siku ya kumwaga, unachomoa bomba la ndani tu. Nusu mita kabla ya bomba hilo simamisha fremu ya wavu inayokata bwawa kutoka ukuta hadi ukuta. Matundu ya wavu yawe ya milimita 5 vifaranga wanapoingia, na ya milimita 12 wakishafika gramu 50. Tengeneza mifereji miwili ya kuchomekea fremu, ili unapoondoa moja kuiosha, nyingine iwe imesimama.

Maji yanayotoka yasirudi kijitoni moja kwa moja. Yapitishe katika shimo la pili la mashapo, na ikiwezekana yapite penye nyasi za mifugo au bustani ya sukuma wiki, ambazo hunufaika sana na mbolea hiyo. Weka chujio jingine la wavu mwisho wa shimo. Trauti ni mlaji wa samaki wengine na wadudu wa majini, na mfugaji hana haki ya kumwachia aingie katika kijito ambacho hakuwamo.

Funika bwawa kwa wavu wa kivuli angalau nusu upande wa magharibi, kisha tandaza wavu wa ndege juu ya bwawa zima. Mdiria humaliza vifaranga mmoja mmoja, korongo huwajeruhi wasiokufa, na fisi maji, ambaye huzifuata mito hii usiku, aweza kulikomba bwawa dogo kwa siku chache. Dhidi ya fisi maji, wavu wa juu hautoshi. Zungushia uzio wenye kitako kilichozikwa ardhini sentimita 30.

Hatua ya tano: kuchagua mwezi na kuleta vifaranga

Mabwawa mengi hujazwa vifaranga mwezi Machi, mvua zinapoanza na mkulima akiwa na matumaini. Matokeo yake ni kwamba samaki hufikia uzito wao mkubwa Januari na Februari ya mwaka unaofuata, wakati maji ni machache kuliko wakati wowote. Ningependekeza Juni. Mvua ndefu zimekwisha, tope limetulia, na baridi ya Julai huwapa vifaranga mwanzo mwema. Kufikia Februari watakuwa na gramu 150 hivi, na samaki 200 wa uzito huo ni kilo 30 tu, ambazo hutumia karibu theluthi mbili ya uwezo wa maji yako. Watafika gramu 250 Aprili au Mei, maji yakiwa tele, na unaweza kuanza kuvua wakubwa tangu Machi.

Agiza vifaranga mapema, kutoka kituo cha serikali cha Kiganjo au kwa mfugaji anayetambuliwa na afisa wa uvuvi. Omba wenye gramu 5 hadi 10, na uwe mkali kuhusu jambo moja, kwamba wawe wa ukubwa unaolingana. Trauti wakubwa huwala wadogo, na kundi lililochanganyika hupungua bila wewe kuona mzoga hata mmoja. Kwa lengo la samaki 200, nunua 230.

Vifaranga wasipewe chakula kwa siku nzima kabla ya safari. Husafirishwa katika mifuko ya plastiki yenye theluthi moja ya maji na theluthi mbili za oksijeni, nayo hupangwa ndani ya sanduku lenye barafu kando. Ondokeni alfajiri. Mkifika, iacheni mifuko ielee bwawani dakika 20, kisha ifungueni na kuongeza kikombe kimoja kimoja cha maji ya bwawa kwa dakika 15 zaidi, hadi tofauti ya joto isizidi nyuzi 2. Waacheni watoke wenyewe. Maji ya safari msiyamwage bwawani, na siku hiyo msiwalishe.

Hatua ya sita: kulisha

Chakula cha tilapia hakifai, hata kikiwa cha bei nzuri namna gani. Kina protini ya asilimia 30 hivi, ilhali trauti huhitaji asilimia 40 hadi 45, na vifaranga zaidi ya hapo, pamoja na mafuta ya samaki ya kutosha. Akilishwa chakula hafifu hukua nusunusu na huchafua maji maradufu. Kwa chakula bora, kilo 1.3 huzaa kilo 1 ya samaki, hivyo kwa kilo 50 za mavuno weka bajeti ya kilo 65. Nunua kidogo kidogo na uhifadhi pakavu penye baridi, kwa kuwa mafuta yake huvunda, na chakula kilichoota kuvu hutupwa bila huruma.

Vifaranga wa gramu 5 hupewa asilimia 4 ya uzito wao kwa siku, kwa mafungu manne. Vifaranga 230 wa uzito huo hula basi gramu 46 tu, na wengi huwapa mara tano ya hapo kwa mapenzi. Wakifika gramu 50 hupewa asilimia 2 hadi 2.5 kwa mafungu matatu, na kuanzia gramu 150 asilimia 1.5 kwa mafungu mawili. Kila mwezi vua samaki 20 kwa wavu laini, wapime pamoja ndani ya ndoo ya maji iliyokwisha kupimwa, na urekebishe kiasi. Tupa chakula kwa mkono, polepole, ukisimama karibu na maji yanapoingia, na uache mara tu wanapopunguza kasi. Dakika hizo ndizo zitakazokujulisha hali yao kuliko kifaa chochote. Maji yakiwa na tope, au yakipita nyuzi 18, punguza kwa nusu. Yakifika 20, usilishe.

Hatua ya saba: dalili za hatari

Samaki wakisongamana penye maporomoko ya maji huku matamvua yakienda mbio, oksijeni imepungua. Acha kulisha papo hapo, tazama banio na wavu, na kama maji yamekatika kabisa, chota kwa ndoo na kuyamwaga juu ya bati lenye matundu, watu wakipokezana, hadi yarudi. Samaki anayejisugua sakafuni au kubadilika rangi kuwa mweusi na kujitenga huenda ana vimelea. Anayeota kitu mithili ya pamba ana kuvu, ambayo mara nyingi huanzia kwenye jeraha la kushikwa. Kwa kuvu na vimelea vya nje, waogeshe samaki wachache kwanza katika ndoo yenye gramu 10 za chumvi ya kawaida kwa kila lita, kwa dakika 10 hadi 15, na uwatoe mara moja wakianza kupinduka. Wakifa wengi kwa siku mbili, mwite afisa wa uvuvi, wala usiazime wala kuazimisha wavu wako kwa jirani hadi sababu ijulikane.

Hatua ya nane: kuvua na kuliandaa bwawa upya

Vua wakubwa kwanza, samaki 15 au 20 kwa wiki, kwa kuwa kila kilo inayotoka huwapa waliobaki nafasi ya kukua. Usiwalishe siku moja kabla, ili matumbo yawe matupu. Samaki apigwe kichwani kwa rungu dogo mara tu anapotoka majini, akatwe matamvua damu itoke, atolewe utumbo na kulazwa kwenye barafu iliyopondwa. Trauti aliyeachwa kutapatapa kwenye nyasi hukakamaa mapema na nyama yake hupasuka, na mpishi wa hoteli huliona hilo papo hapo.

Samaki wa mwisho wakitoka mwishoni mwa Mei, chomoa bomba, piga sakafu brashi, peleka mashapo yote shambani na uliache bwawa likauke kwa jua wiki mbili. Nyunyiza chokaa sakafuni na kutani, ikae siku mbili, kisha jaza na kumwaga mara tatu hadi pH irudi ilipokuwa. Wakati bwawa linakauka, kagua kila wavu kwa kuupitisha vidole, kwa sababu tundu moja la upana wa kidole gumba hutosha kuwaondoa vifaranga wapya wote.